Kidole Kilichoonyesha Nyumba ya Juu

Kidole changu cha shahada, cha mkono wa kulia, ndicho kilichoanzisha maneno haya yote. Kama shuleni kwetu wangekuwa wanaadhibu kidole kimoja kimoja, hicho kingekuwa nyumbani hadi leo kikisubiri kuja na mzazi.

Ilikuwa likizo ya Aprili, mimi nikiwa kidato cha pili, wakati ambao mvua ya Bomet hunyesha kama imekosewa adabu. Mama, dada yangu na mimi tulikuwa tunachuma chai katika shamba la watu wenye nyumba ya vigae vya bluu, ile iliyo juu kabisa ya kilima, ambayo kila mtu anaiita Nyumba ya Juu. Mzee mwenyewe alikuwa mkubwa fulani wa ofisi huko Nairobi, akastaafu, akarudi akapanda chai mpaka nyuma ya choo. Sisi tulikaa chini karibu na mto, katika nyumba ya udongo na mabati ambayo pia ni yake. Baba alikufa nikiwa mdogo, naye pia alikuwa mchumaji. Tulikaa pale kwa sababu tunachuma. Siku tutakayoacha kuchuma, au siku tutakayomuudhi mwenye nyumba, tutatafuta pengine. Hilo halikuandikwa popote, lakini tulilijua kuliko masomo ya dini.

Sasa lazima uelewe kituo cha majani kinavyofanya kazi, la sivyo utadhani dada yangu ni mwongo, na mwongo katika nyumba yetu ni mmoja tu, tena ndiye anayeandika. Majani yakifika kwa mizani hayaandikwi kwa jina la aliyeyachuma. Yanaandikwa kwa kadi ya mwenye shamba. Kwa hivyo zamu yetu ikifika karani haiti jina la mama wala la dada. Anapaza sauti, "Nyumba ya Juu!" na mama anajibu, "Tuko!" Hata eproni zetu za plastiki zilikuwa zimepakwa alama ya rangi ya bluu ili zisiibiwe. Ukiwa mgeni, ukasikia "Nyumba ya Juu, leteni vikapu," kisha ukaona wasichana wawili wanasimama, utasema nini? Utasema kumbe matajiri wa huku wamelea watoto vizuri, hawaogopi matope.

Na mgeni akaja. Alikuwa daktari wa ng'ombe, kijana wa upande wa Sotik, ameletwa huku kikazi kwa muda. Pikipiki yake ilizama kwenye tope mbele ya kituo, na watu wote wakamtazama kama televisheni. Dada yangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka ishirini na mbili na mkono kama wa mwanajeshi, akatua kikapu, akaenda nyuma ya pikipiki na kuisukuma. Ikatoka. Tope lote lililokuwa kwa gurudumu likahamia kwa shati la daktari, kwa sababu yeye alikuwa ameteremka na kusimama mahali pabaya.

"Pole, daktari," dada akasema. "Lakini hiyo rangi inakufaa."

"Asante. Nani ameniokoa?"

"Msukumaji."

"Msukumaji wa wapi?"

"Wa hapa hapa. Ukizama tena piga kelele."

Kisha karani akaita "Nyumba ya Juu!" na dada akaenda kwa mizani. Daktari akabaki amesimama na mimi, akijipangusa kwa majani.

"Wewe ni mdogo wake?"

"Hapana, mimi ni mama yake. Najitunza tu."

Alicheka mpaka akasahau shati. Kisha akauliza, bila haya, "Na kwenu ni wapi?"

Hapo ndipo kidole kilipoinuka. Kilipita juu ya mto, kikapita juu ya nyumba yetu bila kuisalimia, kikapanda kilima chote na kutua kwenye vigae vya bluu.

"Pale."

"Pale juu?"

"Kwani kuna pengine?"

Nilifikiri huo ni utani wa kufika jioni. Ulikaa mwaka mmoja na miezi miwili.

Kilichofanya ukae hivyo ni kwamba hakuna aliyemdanganya mwingine isipokuwa mimi. Daktari na dada walianza kuongea kwa simu, kisha wakaanza kukutana Bomet siku za soko, halafu wakawa wanatoka kanisani wakitembea pole pole kama watu waliobeba mayai. Dada hakumficha kitu. Alimwambia amechoka kuchuma, naye akaona huo ni unyenyekevu. Alimwambia kwao maji ni shida, naye akafikiri pampu imeharibika. Siku moja alimwambia mvua inavuja mpaka kitandani, na daktari akajibu vigae ni vizuri lakini fundi wake ni lazima awe mzuri. Dada alicheka akidhani ni mzaha. Na yeye dada alikuwa na sababu yake ya kutouliza maswali mengi. Kwao daktari kule Sotik kulikuwa na duka la dawa za mifugo, mashine ya kukamua, na ng'ombe wanaokula vizuri kuliko sisi wanafunzi wa bweni. Hakutaka kuonekana anahesabu.

Jioni moja tulikuwa tunaosha gambuti mtoni. Akaniambia, "Unajua kile napenda kwake? Alinikuta na kikapu mgongoni. Mimi sitawahi kujificha kwake, maana alianza na ukweli."

Nilikuwa natafuna muwa. Ulinipalia. Dada alinipiga mgongo akidhani ananisaidia.

Hapo ningesema. Nilijua ningesema. Lakini daktari naye alikuwa ameanza kuniita shemeji mdogo na kuniletea mandazi, na ni vigumu kutubu mdomo ukiwa umejaa mandazi. Nikajiambia nitasema muhula ukiisha. Muhula ukaisha, nikajiambia nitasema mtihani ukiisha. Nilikuwa na bidii sana ya kuahirisha. Ningekuwa na bidii hiyo kwa hesabu, ningekuwa nawafundisha walimu.

Mwaka uliofuata, mwezi wa sita, daktari akamwambia dada, "Mwezi huu wazee watakuja kwenu." Siku hakuitaja, kwa sababu kwetu wazee hawatangazi siku ya kuja kuuliza msichana. Wanakuja asubuhi wakukute ulivyo. Na siku hiyo ya kwanza kijana mwenyewe haji. Wanakuja wazazi wake na mzee mmoja wa kusema, wanaingia kwa watu wasiowajua, wanamwomba msichana ambaye hawajamwona, na msichana mwenyewe haletwi mbele yao. Mimi nilikuwa nimeona desturi hiyo mara nyingi na kuiona ya kuchosha. Sikuwahi kufikiri kwamba ina shimo katikati linaloweza kumeza mtu.

Chini kwetu mama alikandika ukuta upya, akaazima viti vitatu kwa jirani, akavipanga, na kila asubuhi kabla ya kwenda kuchuma alikuwa akivipangusa.

Jumamosi ya likizo fupi nilikuwa jikoni Nyumba ya Juu, namenya viazi, kazi yangu ya kila likizo. Nikasikia gari. Nikachungulia dirishani. Waliteremka mama mmoja wa kitambaa cha maua, mzee mmoja mwembamba mwenye bakora, na mzee mwingine mnene aliyekuwa na pua ya daktari. Pua ile ile, imezeeka tu. Kisu kikaniponyoka.

Mama wa Nyumba ya Juu aliwapokea kwa mikono miwili. Lazima nikwambie kwamba alikuwa na binti mmoja tu, anafanya kazi katika benki Nairobi, na kwa miaka mingi alikuwa akimwombea mume kwa sauti kanisani, mpaka sisi wa kwaya tulijua vipimo vya huyo mume. Kwa hivyo wageni waliposema wamekuja kwa ajili ya msichana wa nyumba hiyo, hakuuliza yupi. Alinipigia kelele nilete mursik.

Nilimimina yale maziwa ya kibuyu kwenye vikombe. Mzee mwembamba ndiye aliyekuwa wa kusema.

"Kijana wetu amemwona msichana wa hapa," akaanza. "Anasema ni msichana wa kazi. Anachuma chai kwa mikono yake mwenyewe."

Mzee wa Nyumba ya Juu akakunja uso. "Nani? Huyu wetu? Anachuma?"

Nikaona kiatu cha mama wa Nyumba ya Juu kikigusa kiatu cha mumewe, na si kwa upole.

"Anapenda sana shamba," mama huyo akasema.

Binti huyo mara ya mwisho kuja nyumbani alikataa kushuka kwa gari kwa sababu ya kucha. Nikiri hata hapo sehemu yangu moja ilikuwa inafurahia, kama mtu anayetazama mbuzi akipanda meza ya harusi. Nilifikiri wataongea, wataondoka, na daktari atarekebisha yote kwa simu.

Kisha mzee wa Nyumba ya Juu akauliza lile swali ambalo lazima liulizwe. "Na nyinyi ni watu wa ukoo gani?"

"Sisi ni watu wa nyuki," baba ya daktari akajibu.

Mzee wa Nyumba ya Juu akaweka kikombe chini.

"Hata sisi ni nyuki."

Kwetu hapo maneno yanaisha. Watu wa nyuki ni ndugu, hata kama mmoja alizaliwa Sotik na mwingine Chepseon na hawajawahi kuonana. Nyuki haoi nyuki. Mama wa Nyumba ya Juu alitazama dari. Mama ya daktari akashika kitambaa chake. Mzee mwembamba akasema pole pole, kwa huruma ya kweli, "Basi huyo msichana ni dada yake. Ni vizuri tumekuja mapema. Leo tutamwambia kijana aache, na ataacha."

Ataacha. Nilikuwa nimeshika sinia. Kupitia dirishani niliona moshi wetu kule chini, na nilijua viti vitatu vimepanguswa asubuhi hiyo. Daktari angeambiwa dada yangu ni ndugu yake, kwa sababu ya nyuki za watu wengine. Angenyamaza kwa aibu, na dada angekaa akingoja simu bila kujua kosa lake, mpaka aamini kwamba kosa lake ni kikapu.

Wageni walikuwa wanasimama. Niliweka sinia mezani kwa nguvu mpaka vikombe vikaruka.

"Msiende," nikasema. "Msichana mnayemtafuta si wa nyumba hii. Ni dada yangu. Sisi tunakaa chini kwa mto. Na sisi si nyuki. Baba yetu alikuwa wa watu wa mvua."

"Wewe! Rudi jikoni!" mama wa Nyumba ya Juu akafoka.

"Nitarudi, mama. Nikimaliza."

Sijui sauti hiyo ilitoka wapi. Mimi ni mtu wa kuchekesha darasa kutoka nyuma, si mtu wa kusimama mbele. Lakini nilikuwa nimeamua, na miguu ilikuwa imekubali. Nikawaeleza kila kitu, pikipiki, kadi, karani anavyoita, na kidole. Nilipofika kwa kidole nilikiinua wakione, kama ushahidi kortini. Mzee mwembamba alikitazama kwa makini sana.

"Na kwenu ni wapi hasa?" baba ya daktari akauliza. Hakuwa anacheka.

Nikaonyesha dirishani. "Pale kwa moshi."

"Mara ya kwanza ulionyesha juu. Leo unaonyesha chini. Kesho utatuonyesha ndani ya mto."

Nikakishusha kidole.

Mama ya daktari ndiye aliyeuliza swali la maana. "Lakwet," akaniita, yaani mtoto, "huyo dada yako alijua kijana anafikiri ni binti wa hapa?"

"Hakujua. Yeye anadhani daktari anajua yote, kwa sababu alimkuta na kikapu. Mwongo ni mimi peke yangu."

Alinitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayekagua ng'ombe.

Baba ya daktari akachukua kofia yake. "Hatuwezi kuingia nyumba mbili siku moja kwa neno moja," akasema. Wakaenda. Gari lao lilipita pale kijia chetu kinapoanzia bila kupunguza mwendo.

Mama wa Nyumba ya Juu alinitupia kandambili zangu nje. "Na umwambie mama yako Jumatatu nitakuja kuongea naye kuhusu ile nyumba."

Niliteremka kile kilima nikiwa na mizigo miwili, na yote ni mimi niliyeifunga. Niliwakuta mama na dada kwenye mistari ya chai na nikasema yote bila utani hata mmoja. Mama alinishika sikio akaliachilia tu wakati alipohitaji mkono wa kuchuma. Dada hakulia. Hilo ndilo lililoniogopesha. Alipangusa mkono kwa sketi, akatoa simu, akampigia daktari pale pale mbele yetu.

"Sikiliza," akasema. "Mimi ni mchumaji. Si mchumaji wa kupenda shamba, ni mchumaji wa kazi. Sina vigae. Nina mama, nina kikapu, na nina mdogo wangu mmoja mjinga. Kama ulipenda vigae, nenda ukaoe vigae."

Alisikiliza.

"Hayo usiniambie mimi. Waambie wazee wako. Na mimi sitakuja Sotik kuonyeshwa, wala sitapanda huko juu kuomba msamaha wa kitu sikufanya. Mlango wetu uko chini. Anayeutaka atashuka."

Akakata. Akarudi kwa chai, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, haraka kuliko nilivyowahi kumwona.

Jumatatu aliyekuja si mama wa Nyumba ya Juu, ni mzee mwenyewe. Sisi tulikuwa tumesimama kama mahabusu. Mama yangu hakungoja aanze. "Mtoto amekosa na nimemwadhibu," akasema. "Lakini alisema ukweli, hata kama alichelewa. Ukitaka nyumba yako, sema sasa tukiwa na nguvu ya kubeba."

Mzee alikuna kidevu. "Chai inataka mikono," akasema. "Kaeni. Huyu mdogo tu asikanyage jiko letu." Kisha akageuka kwenda, na mabega yake yalikuwa yakitetemeka. Nikamsikia akijisemea, "Eti anapenda sana shamba."

Wiki tano zikapita. Yaliyosemwa Sotik siyajui yote. Daktari alimwambia dada baadaye kwamba baba yake alikataa katakata. Watu watasema duka lote hilo limeoa kikapu, alisema, na tena aibu ya siku ile haijapoa. Daktari naye aligoma, akisema hataki kuuliziwa msichana mwingine popote. Lakini aliyemaliza mchezo ni mama yake. Alisema hivi kwa mumewe: "Mwongo ni yule mdogo, na si yule mdogo tunayeoa."

Agosti, siku ya Jumanne, tulikuwa tunachuma karibu na njia. Mvua nyepesi. Niliona watu wanne wakishuka kijia kwa miguu, wameacha gari juu kwa sababu ya tope. Mbele alikuwa mwenye ile pua. Suruali yake ilikuwa imejaa tope mpaka magotini.

"Chamgei," akanisalimu.

"Mising," nikajibu.

"Msichana, tunatafuta nyumba ya watu wa mvua. Unaijua?"

Aliijua. Ilikuwa mbele yake, na hakukuwa na nyingine. Niliweka mikono yote miwili nyuma ya mgongo.

"Nifuateni."

"Leo huonyeshi?"

"Leo napeleka."

Nikatangulia mpaka mlangoni, nikawafungulia. Viti vilikuwa vitatu na wao walikuwa wanne, kwa sababu safari hii walikuja na shangazi, kwa hivyo mzee mwembamba nikampa kikapu kilichogeuzwa juu chini, akakikalia bila neno. Kisha nikakimbia kwa mama.

"Wamekuja! Wote! Baba yake amejaa tope!"

Dada aliganda na majani mkononi. Mama hakuinua kichwa.

"Lori linapita saa saba," akasema. "Nimebakisha mstari huu. Waambie wakae."

"Mama, ni matajiri!"

"Basi wana saa za kutosha. Dada yako abaki hapa, haonyeshwi. Wewe kawape mursik, na ufunge mdomo."

Nikawapa, nikafunga mdomo, kazi ngumu kuliko zote nilizofanya mwaka huo. Walikaa karibu saa nzima wakisikiliza mvua kwenye mabati. Mahali panapovuja palianza kudondoka karibu na goti la baba ya daktari. Alilitazama tone, akasogeza goti, akanitazama mimi. Mimi nikatazama juu kama anayesoma.

Mama akaingia na eproni yake, ina alama ya bluu, inachuruzika maji. Hakuivua. Alisalimu kila mmoja kwa mkono uliopakwa utomvu wa chai, akaketi kwenye kitanda, akaweka mikono magotini.

"Nyinyi ni watu wa ukoo gani?" akauliza, kama hajawahi kusikia habari zao.

"Sisi ni nyuki," baba ya daktari akasema.

"Sisi ni mvua." Mama akapumua. "Haya. Semeni neno lililowaleta."